Abshiro, Binti wa Muuza Maziwa

Kwenye soko la maziwa ya ngamia mjini Garissa, Abshiro Kerrow anaitwa daktari, naye amechoka kuwasahihisha wanaomwita hivyo. Hajawahi kumdunga mtu sindano wala kumwandikia mgonjwa dawa. Kazi yake ni kuwasaka bakteria wanaoingia kwenye chakula: kwenye nyama, kwenye maji, na zaidi ya yote kwenye maziwa. Huwachukua kwa ncha ya pamba, akawalisha kwenye visahani vya maabara mpaka wakaonekana kwa macho, kisha akaanza kutafuta walikotoka. Kuna mwaka mmoja utafutaji huo ulimgombanisha na soko zima, na ndiyo hadithi yenyewe hii.

Alizaliwa Kutulo, kaunti ya Mandera, kwa baba mfugaji. Alipofika umri wa kuanza shule, kiangazi kikali kiliwafyeka ngamia wa baba yake, wakabaki wachache wasioweza kulisha nyumba. Baba akasalia nao nyikani. Mama yake, Mulki, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, akawapandisha wanawe lori la mifugo na kushuka nao Garissa, ambako binamu yake alikuwa akiuza maziwa. Haukupita muda Mulki naye akawa na kigoda chake sokoni, mitungi yake ya plastiki ya manjano, na wateja walioapa kwamba hawanywi maziwa ya mtu mwingine.

Abshiro alikulia nyuma ya mitungi hiyo. Akitoka shule alikaa kivulini, vitabu magotini, huku wanawake wakibishana na wateja juu ya kichwa chake. Akiwa sekondari, mwalimu wa biolojia alimruhusu kuweka tone la maziwa yaliyoganda chini ya hadubini. Akatazama, akatazama tena, kengele ikalia yeye hana habari. Jioni alimkimbilia mama yake sokoni.

"Hooyo, maziwa yako yana viumbe ndani, tena wengi hawahesabiki!"

Mulki hakuinua hata uso. "Waambie watoke, au wanunue kama wateja wengine."

Soko zima lilicheka, lakini binti alikuwa amekwisha kutekwa. Alikwenda Nairobi chuo kikuu akasomea bakteria, na alipomaliza, wenzake wakihangaikia kazi za mjini, yeye alirudi nyumbani. Aliajiriwa kwenye maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa yatokanayo na chakula. Mkuu wa maabara hiyo alikuwa Dkt. Shuaib, daktari wa mifugo, mtu mpole asiyependa kutamka jambo kabla ya kulipima mara mbili. Mbele yake Abshiro alijifunza subira. Bakteria hawaharakishwi, unawalisha, unawafungia kwenye kabati la joto, unakwenda kulala, na asubuhi ndipo unajua.

Mwaka ule mvua za deyr, zile za mwisho wa mwaka, zilinyesha kwelikweli baada ya ukame mrefu. Nyika ikawa kijani, ngamia wakazaa, maziwa yakafurika sokoni. Watu walikuwa bado wanamshukuru Mungu pale wagonjwa walipoanza kumiminika hospitalini. Ilikuwa homa kali, tumbo la kusokota, na kuhara mpaka macho yanazama. Ilianza na nyumba mbili tatu, ikaenea mtaa hadi mtaa, na mwishowe wadi ya watoto ikafurika, akina mama wakikaa sakafuni na watoto wao mapajani. Tena ile dawa iliyozoeleka kutolewa haikuwa inashusha homa.

Abshiro alikwenda hospitalini kuchukua sampuli. Kitanda cha pembeni alimkuta jirani yake, Ilhan, ameinamia mwanawe Liban, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Liban alikuwa amelegea, midomo imekauka, hata kulia hana nguvu.

"Abaayo, dada yangu, anakula nini nyumbani?" Abshiro aliuliza kwa sauti ya chini.

"Maziwa tu. Ya ngamia, mabichi, kama tulivyolelewa sisi sote."

"Na wakubwa zake?"

"Wao wanakunywa chai. Wazima kabisa."

Abshiro aliliweka neno hilo moyoni. Chai huchemshwa.

Maabarani alipanda sampuli za wagonjwa kwenye visahani vyenye chakula chekundu cha bakteria. Kesho yake asubuhi alipofungua kabati la joto, hakuhitaji kuambiwa. Vijidoa vyenye kitovu cheusi vilikuwa vimetapakaa kwenye ule wekundu. Vipimo vingine vikathibitisha: ni Salmonella. Ni bakteria asiyestahimili kuchemshwa, lakini akipata maziwa ya vuguvugu ndani ya mtungi unaosafiri juani, huzaliana kwa kasi ya kutisha.

Jambo la kwanza lilikuwa uhai wa watoto. Abshiro aliwatandaza bakteria hao kwenye visahani vipya, akaweka juu yao vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Palipo na dawa inayowaua, huonekana duara safi lisilo na kitu. Dawa ile iliyozoeleka haikuacha duara lolote. Walikuwa wameota hadi ukingoni mwake kana kwamba wanaicheka. Dawa nyingine ikaacha duara pana. Dkt. Shuaib alirudia kipimo kwa mkono wake, kisha akainua simu kuipigia hospitali.

Madaktari wakabadilisha dawa siku hiyo hiyo. Abshiro aliporudi wadini baadaye, Liban alikuwa ameketi, ameng'ang'ania kijiko, akimpigia kelele mama yake kwamba uji haumtoshi. Ilhan alimkumbatia Abshiro mbele ya watu wote.

Lakini kumponya mgonjwa ni jambo moja, na kuziba palipotoka ugonjwa ni jambo jingine. Wagonjwa walizidi kuja. Alio, afisa wa afya ya umma, mtu wa haki ila mwepesi wa kufunga biashara, alifika maabarani akiwa ameshika kofia mkononi.

"Kila ninayemuuliza ananitajia maziwa," alisema. "Nipimieni soko. Nikiwa na jibu mkononi nitajua la kufanya."

Abshiro alikwenda mwenyewe. Alipita kwa kila muuza maziwa, akachota kutoka kila mtungi. Mwenyekiti wa wanawake hao alikuwa Khadra, mjane aliyeheshimiwa, mwenye macho makali na mkono wa kutoa. Alimpokea vizuri, akaamuru wenzake wafungue mitungi. Mulki naye alifungua wake.

"Chota," alimwambia binti yake. "Na uandike jina langu vizuri, wasije wakanipa uchafu wa mtu."

Majibu yalipotoka, Abshiro aliviangalia visahani mara mbili. Karibu maziwa yote ya soko yalikuwa na Salmonella. Wa pekee aliyetoka safi kabisa alikuwa Mulki.

Angeweza kufurahi. Hakufurahi hata kidogo. Alijua hapo hapo watu watasema nini. Akamwendea Dkt. Shuaib, akamwomba apime upya sampuli zote, majina yakiwa yamefunikwa, yeye Abshiro asiguse hata kizibo. Shuaib akafanya hivyo. Majibu yakarudi yale yale.

"Ukweli hauna jamaa," Shuaib alisema. "Peleka kama ulivyo."

Alio akafunga soko. Mchana wa siku hiyo wanawake walikuja kusimama nje ya lango la maabara, mitungi mitupu mikononi, na Khadra mbele yao.

"Abshiro binti Mulki!" aliita. "Tulikupakata sisi. Ulilala juu ya shuka zetu mama yako akiwa na wateja. Leo maziwa yetu sote ni sumu, ila ya mama yako tu? Hayo ndiyo uliyosomea Nairobi?"

Abshiro alitoka akasimama langoni. "Eeddo, shangazi yangu, nimepima kila mtu sawa. Na mwingine akapima tena bila kuona majina."

"Basi tueleze. Maziwa ya Mulki yanatoka kwa ngamia wa peponi? Gari linaloyaleta ni moja, la Adow. Mifugo ni ile ile. Tueleze tukuelewe."

Abshiro aliitazama mitungi mikononi mwao. Alikuwa anajua kilichomo ndani ya maziwa. Hakujua kimeingiaje, wala kwa nini kilimruka mama yake. Wanawake walimtazama, wakageuka, wakaondoka bila kuaga.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mulki alikuwa ameketi mkekani, mgongo kwa mlango.

"Khadra na wenzake wamesema niuze peke yangu, kwa kuwa nina binti maabarani," alisema bila kugeuka. "Sitauza. Sitakaa soko tupu nikihesabiwa mwizi. Nilikusomesha kwa maziwa haya, Abshiro. Kila kitabu. Nawe umeyaita ugonjwa mbele ya mji."

"Hooyo, watoto walikuwa wanakufa."

"Najua. Ndiyo maana sijakufukuza. Lakini usinipe pole. Nenda ukatafute hiyo takataka ilikotoka, kisha uje tuzungumze."

Dkt. Shuaib alikuwa na wazo jepesi zaidi. Watu washauriwe kuchemsha maziwa, soko lifunguliwe polepole, kazi iishe. Abshiro hakukataa kuchemsha. Alilihubiri jambo hilo redioni, akawaomba na maimamu walitangaze misikitini. Lakini alijua pia kwamba wengi wanayapenda mabichi au yaliyogandishwa, na kwamba wanawake wale wasiposafishwa jina, hakuna atakayewanunulia tena.

"Nikodishie gari la Adow kwa safari moja," alimwomba. "Nataka kuyafuata maziwa kutoka kwenye kiwele hadi kwenye kikombe. Kila yanapoguswa, nitapima."

Shuaib aliwaza, akakubali. Kilichomshangaza Abshiro ni kwamba Khadra pia alikubali, ingawa kwa hasira.

"Chukua mitungi yetu," alisema. "Tutaiosha kama tunavyoiosha siku zote, usije ukasema tumekupigia msasa. Na ukirudi huna kitu, usikanyage tena soko letu."

Waliondoka mapambazuko, Adow kwenye usukani akiwa amenuna, kwa kuwa kufungwa kwa soko kulikuwa kumemwacha bila kazi. Kabla ya kupanda, Abshiro alipitisha pamba ndani ya kila mtungi mtupu. Ilikuwa tahadhari tu. Alichokitafuta alidhani kiko mbele, kwa wafugaji.

Huko nyikani aliwakuta ngamia wametulia, ndama wao wakivuta kamba. Alipima viwele, akapima mikono ya wakamuaji, akapima maji ya kunawia. Akapima na vile vyombo vya kusuka vya kukamulia, ambavyo wafugaji huvifukiza kwa moshi wa kijinga cha moto mpaka ndani yake pakawa peusi na kunukia. Mzee Abdinoor, mwenye ngamia hao, alimtazama akijikunja na vichupa vyake.

"Binti, unamtafuta nani?"

"Namtafuta mgeni asiyeonekana, adeer," alimjibu, kama anayemwita ami yake.

"Akiwa kwangu, nitajie. Sitakasirika. Nina wajukuu wanaokunywa hapa hapa."

Maneno hayo yalimtia nguvu kuliko alivyotarajia. Alipima tena maziwa yalipomiminwa kwenye mitungi, akapima njiani, akapima walipofika mjini na jua limewaka. Kisha akavifungia visahani kwenye kabati la joto, na kungoja kukaanza.

Asubuhi ilimpa jibu ambalo hakulitazamia. Viwele vilikuwa safi. Mikono haikuwa na Salmonella, wala vile vyombo vya moshi. Maziwa ya mzee Abdinoor yalikuwa salama yalipotoka kwake. Lakini yaliyofika mjini yalikuwa yamejaa bakteria, na alipofika kwenye visahani vya mwisho, vya mitungi mitupu aliyoipima kabla hata ya safari, vilikuwa na vijidoa vyeusi vile vile.

Abshiro aliketi chini. Maziwa yalikuwa yanatoka safi nyikani na kumiminwa juu ya ugonjwa uliokuwa ukiyangoja ndani ya mitungi. Joto la safari lilimalizia kazi. Mitungi ilikuwa imechafuliwa hapa hapa Garissa, tena ikiwa imetoka kuoshwa.

Akamkimbilia Adow, aliyekuwa akibadilisha gurudumu. "Wanaoshea wapi mitungi yao?"

"Si kwa Khadra?" Adow alisema, akishangaa kuulizwa. "Kwenye tangi lake la maji ya mvua. Wote wanaoshea pale kabla sijapakia. Maji bure, na matamu."

"Wote?"

Adow akafikiri, akatabasamu kidogo. "Isipokuwa mama yako. Yeye yuko radhi aoshe kwa machozi yake."

Nyumbani Abshiro hakuzunguka. "Hooyo, kwa nini huoshei kwenye tangi la Khadra?"

Mulki alianza kukunja nguo iliyokuwa imekwisha kukunjwa. "Nina maji yangu. Ya bomba. Punda wa Abdihafid ananiletea hadi mlangoni, nami nayachemsha kwa mazoea."

"Na ya Khadra yana nini?"

"Hayana kitu. Ni yeye mwenyewe." Ikamtoka yote kwa mkupuo. "Kwenye harusi ya Rukiyo alisema, mbele ya wanawake wote, kwamba pilau yangu ni ya kulishia mateka. Pilau yangu! Nikaapa sitaonja hata tone la maji yake. Sijaonja."

Abshiro alimtazama mama yake, akajaribu kujizuia, akashindwa. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mulki alinuna kwanza, kisha mabega yake nayo yakaanza kutikisika, na ikawa mara ya kwanza tangu soko lifungwe nyumba ile kusikia kicheko.

"Hooyo, pilau yako imekuokoa," Abshiro alisema akifuta macho.

Siku hiyo hiyo alikwenda kuchota maji ya tangi. Lilikuwa tangi kubwa la simenti nyuma ya nyumba ya Khadra, likikusanya maji kutoka paa refu la mabati. Alipoinua macho aliwaona. Juu ya paa, kwenye mgunga ulioliinamia, na hata kwenye nguzo za umeme, walikuwa wamesimama wale korongo wakubwa wenye upara ambao kila mkazi wa Garissa amewazoea kiasi cha kutowaona. Kutwa hushinda jaani na karibu na kichinjio wakigombania matumbo; jioni huja kupumzika juu ya paa za watu. Mabati ya Khadra yalikuwa yamepakwa chokaa ya kinyesi chao. Wakati wa ukame kinyesi kilikuwa kimelala pale, kikavu. Mvua za deyr zilipokuja, zikakiosha chote, zikakiteremsha tangini.

Abshiro alichota maji, akakusanya na kinyesi kutoka kwenye mabati. Vyote viwili viliota vijidoa vyeusi. Lakini Shuaib alimfundisha kutosema kabla ya kupima mara mbili, na safari hii alitaka zaidi ya mara mbili. Akatuma bakteria wa wagonjwa, wa mitungi, wa tangi na wa korongo kwenye maabara kubwa ya Nairobi, wakasomewe vinasaba vyao, yaani ile hati ya uzazi iliyomo ndani ya kila kiumbe. Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Jibu lilipokuja, Shuaib alilisoma akiwa amesimama, akaketi, akalisoma tena.

"Ni ukoo mmoja," alisema. "Kutoka paani hadi kwa watoto wadini. Abshiro, umemfuata hadi mlangoni kwake."

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, nalo lilikuwa gumu kuliko yote. Tangi lile halikuwa tangi tu. Khadra alikuwa amelijenga kwa sadaka, kwa ajili ya marehemu mume wake, wanawake wa soko wapate maji bila kulipa. Alio alitaka kwenda na askari. Abshiro akamwomba amwachie yeye.

Alikwenda akiwa peke yake, visahani kwenye kikapu. Khadra alikuwa barazani.

"Umepata kitu au umekuja kuaga?"

"Nimepata, eeddo. Naomba unisikilize hadi mwisho." Akavipanga visahani chini, kimoja baada ya kingine. "Hiki ni cha ngamia wa mzee Abdinoor. Safi. Hiki ni cha mtoto Liban. Hiki ni cha mtungi wako. Na hiki..." Akakisogeza mbele ya Khadra. "Hiki ni cha maji ya tangi."

Khadra aliviangalia muda mrefu. Alinyanyuka, akaomba ngazi kwa jirani, akaiegemeza ukutani, na kabla Abshiro hajamzuia akawa anapanda, buibui limekunjwa mkononi. Huko juu alisimama akitazama yale mabati meupe, na korongo mmoja mkubwa akimtazama yeye.

"Nimewanywesha watu kinyesi," alisema alipokuwa bado juu. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Kwa jina la mume wangu."

"Umewapa watu maji wakati wa ukame," Abshiro alimjibu kutoka chini. "Thawabu yako haifutiki. Hukujua. Hata mimi nimenywa maji haya, wala sikuwahi kuinua kichwa."

Khadra alishuka. Alijifuta uso kwa ncha ya shungi, na alipouondoa mkono, macho yale makali yalikuwa yamerudi.

"Haya. Niambie la kufanya, tena lote. Na nataka niwaambie wenzangu mimi mwenyewe."

Akawaambia. Aliwaita wote nyuma ya nyumba yake, akasimama kando ya tangi na kueleza bila kujificha. Kisha akamgeukia Mulki mbele ya watu.

"Wewe Mulki. Maziwa yako yalikuwa safi kweli, na nilikuita mwizi. Nisamehe."

"Na pilau?" Mulki aliuliza, mikono kiunoni.

Khadra akashusha pumzi. "Pilau bado ilikuwa imekosa chumvi."

Wanawake waliangua kicheko kikubwa mpaka korongo wakaruka kutoka paani. Mulki naye alicheka, akamshika Khadra mkono, na yakaisha.

Baada ya hapo ilikuwa kazi. Tangi lilikaushwa, likasuguliwa, likatiwa dawa, likafunikwa. Paa lilioshwa, matawi ya mgunga yakakatwa, nyaya zikatandazwa juu ya mabati ili korongo wakose pa kukanyaga. Maji ya tangi yakaachiwa miti na ujenzi, na bomba likavutwa hadi kwa Khadra, pamoja na jiko kubwa la kuchemshia maji ya kuoshea vyombo. Mitungi ya plastiki yenye mikwaruzo, ambamo bakteria hujificha usiwafikie kwa brashi, ikatupwa, na madebe ya alumini yenye mdomo mpana yakachukua nafasi yake. Wanawake waliwarudishia wafugaji neno la kusifu vyombo vyao vya moshi. Na kila muuza maziwa akajifunza kumwambia mteja mwenye mtoto mdogo achemshe kwanza.

Kisha Abshiro akapita tena sokoni na vichupa vyake, akichota kwa kila mmoja kama mara ya kwanza. Safari hii hakuna aliyemtazama vibaya, lakini hakuna aliyepumua pia. Asubuhi ya majibu alifungua kabati la joto, Shuaib na Alio wakiwa nyuma ya bega lake. Akatoa kisahani cha kwanza. Wekundu mtupu. Cha pili, wekundu mtupu. Akavitoa vyote, akavitandaza mezani, na hapakuwa na kitovu cheusi hata kimoja.

Alio aliivaa kofia yake. "Mimi ndiye niliyefunga," alisema. "Lakini habari hii upeleke wewe."

Abshiro hakupanda gari. Alikwenda kwa miguu, karibu akimbie, visahani vimekumbatiwa kifuani. Wanawake walikuwa wamekusanyika pale pale sokoni penye vigoda vitupu. Walipomwona uso, hawakungoja aseme. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Khadra, cha pili kwa Mulki, kisha soko zima likalipuka, na watu wa maduka ya jirani wakatoka kutazama kuna harusi gani asubuhi.

"Yote?" Mulki alipiga kelele.

"Yote, hooyo! Ya kila mtu!"

Mulki alimvuta, akamshika uso kwa viganja vyote viwili. "Huyu," aliwaambia watu, "huyu nilimsomesha kwa maziwa." Na akalia hadharani, yeye ambaye hata kiangazi cha Kutulo hakikumliza.

Wagonjwa wa wadi ya watoto walipungua wiki hadi wiki mpaka vitanda vikabaki vitupu. Abshiro na Shuaib waliandika utafiti wao, majina ya wanawake wa soko yakatajwa kwa shukrani mwishoni, na Abshiro akaalikwa Nairobi kuueleza mbele ya wataalamu. Alimchukua Khadra. Mtaalamu mmoja alipouliza ikiwa wauzaji waliwapa ushirikiano, Khadra alisimama kabla ya kutafsiriwa, akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Sisi iko bamoja na huyu msichana. Uliza swali ingine." Ukumbi ulimpigia makofi hadi akaketi.

Tangu hapo simu ya Abshiro haitulii. Wauza maziwa wa Rhamu, kando ya mto Daua, wamemwomba aje kuwapimia vyombo. Banissa nao wamesikia, wanataka awaanzie wao. Juzi alikuwa akifunga vichupa vyake kwa safari ya kaskazini, Mulki amesimama mlangoni akimpa amri za njiani: asilale na njaa, awasalimie jamaa wa Kutulo mmoja mmoja kwa majina, na asiwakaripie wanawake wa watu hata akikuta nini. Adow alikuwa nje, injini inanguruma, safu ya madebe mapya ya alumini imefungwa nyuma ya gari ikimetameta juani. Abshiro akapanda, akaweka kikapu cha visahani mapajani, akamwambia Adow aondoe gari.